Sisi Watu Tusiokula Maini

Mwanangu Ezekia,

Umetoka asubuhi hii na sanduku lako la bati kichwani, ukashuka kuelekea Lyamkena kwa shangazi yako, ulale pale karibu na barabara ili basi la alfajiri lisikuache. Nilisimama kwenye miti yetu ya miwati nikikutazama. Nikasema moyoni, atageuka akifika darajani. Ukafika darajani, hukugeuka, ukungu ukakuchukua. Basi nimeingia ndani nimeshika kalamu. Tangu nikae nimeinuka mara nyingi kuuangalia moto ambao hauna shida yoyote, kwa hiyo ukiona mwandiko wangu unapanda na kushuka usidhani ni uzee. Ni roho yangu haitulii.

Sikuandikii habari za kujifunika usiku wala za kuchemsha maji ya kunywa huko Tanga. Hayo shangazi yako atakuambia jioni hii mpaka usinzie. Nakuandikia kwa sababu juzi uliniuliza swali la maana, nami nikakujibu, "Kaoshe miguu, una tope."

Ulikuwa umetoka kupata majibu ya mshenga. Mzee Lameki amekataa kukupa Damari. Amesema ninyi ni ndugu, ukoo mmoja, mzilo mmoja, na kaka haoi dada yake. Ukasimama hapo mlangoni ukaniuliza, "Mama, mimi na Damari ni damu moja kweli?" Nami nikaona tope kwenye miguu yako. Miguu yenyewe ilikuwa misafi, na wewe ulijua, na mimi nilijua. Usiku ule ukamwambia baba yako kwamba ukifika kwenye mkonge hurudi tena, na watu wa hapa wabaki na mizilo yao. Alisikia. Mimi pia nilisikia, nikajifanya nachambua maharage.

Sasa nakujibu. Si damu moja. Jibu ndilo hilo, na laiti mambo yangeishia hapo.

Unajua mila ya baba zako, lakini unaijua kama mtoto anavyojua njia ya kwenda mtoni, hajui nani aliilima. Kila ukoo hapa Ubena una mzilo wake, kitu ambacho watu wake hawali, mtoto anakipokea kwa baba yake. Kuna wasiokula pongo, kuna wasiokula njiwa. Ninyi hamli maini. Mtu akikutana na mgeni anamwuliza ukoo, halafu mzilo, na vyote viwili vikilingana basi wameshakuwa ndugu na maneno ya posa yamekwisha. Mimi mtoto wa Kikinga kutoka Ipelele. Maini nayala, na nikienda kwa kaka yangu ndiyo ya kwanza kuuliza. Wanasema anayevunja mzilo anachubuka ngozi. Yangu mimi unaiona, ingawa wataniambia kwamba mzilo si wangu.

Nilipoletwa hapa kuolewa nilikuwa msichana mwenye mdomo na masikio mafupi. Mama mkwe alinieleza mzilo wao siku ya kwanza. Nilisikia, nikasema ndiyo mama, na nikawa nimesahau kabla sijatoka mlangoni, kwa sababu nilikuwa nawaza baridi na kwetu. Sikukuu ya Kuzaliwa ilipofika wakachinja mbuzi. Nikapewa nyama nipike. Nami nikataka kuwaonyesha kwamba Wakinga tunajua kupika, nikachukua maini waliyoyaweka kando ya mlango wayape majirani, nikayakatakata madogo madogo, nikayatia kwenye chungu kikubwa pamoja na nyama yote. Niliona wamesahau. Nilijisifu moyoni kwa kuokoa kitu kizuri.

Hakuna aliyekula siku ile. Mama mkwe aliinua kifuniko, akanusa, akakirudisha taratibu. Baba yako, wakati huo kijana tu, alitoka nje akakaa kwenye gogo na mikono kichwani. Chungu kilizikwa na nyama yake. Nyumba nzima ilikula Kuzaliwa kwa Bwana kwa ugali na kisamvu, na mimi nilikaa jikoni nikilia na nikiwachukia wote, hasa kwa kuwa walikuwa hawanigombezi. Niliapa kwamba kukipambazuka narudi Ipelele kwa miguu.

Babu yako ndiye aliyenizuia. Unajua baba mkwe na mke wa mwanawe hawazungumzi uso kwa uso. Mpaka leo mimi sijawahi kuyaona vizuri macho ya mzee yule, na amekwisha kufa. Asubuhi ile alikuja akakaa kwenye kigoda nje ya jiko langu, akanipa mgongo, akaanza kusema na ukuta. Alisema kwa sauti ya mtu anayejisemea mwenyewe, na mimi ndani nikaacha kufunga mzigo.

Aliuambia ukuta: "Yule mtoto anataka kwenda kwao. Ana bahati, anakujua kwao. Mimi nililetwa hapa mgongoni mwa askari, nikiwa sijang'oa jino. Ilikuwa wakati wa vita vya watemi, kabla ya Mjerumani. Nakumbuka ng'ombe wengi na nchi tambarare isiyokuwa na kilima hata kimoja. Namkumbuka mama akiniita. Jina aliloniita nimelisahau. Nimelitafuta maisha yangu yote, halirudi."

Nikasikia kigoda kikisogea. Nilidhani ameondoka. Kisha akaendelea: "Walipogawana mateka, mzee wa hapa akanichukua mimi. Angeweza kuniweka kwenye zizi nichunge mpaka nife. Yeye akanikalisha mkekani na wanawe. Wakachinja. Akayatoa maini akayaweka kando, akanitazama mimi na kuniambia, 'Sisi haya hatuli.' Alisema sisi. Kwa hiyo sili. Na yule mtoto aliyeharibu chungu asijiue kwa machozi, mzilo unajifunzwa. Mimi niliujifunza."

Kisha akaondoka na kigoda chake. Sikwenda Ipelele.

Yule mzee aliyemchukua babu yako ndiye babu mzaa baba wa Lameki. Baba yake Lameki na babu yako walikua kwenye mkeka mmoja, wakaitana ndugu mpaka kifo. Ndiyo sababu Lameki na baba yako wanaitana ndugu, na ndiyo sababu Damari ni dada yako. Wewe hukumjua. Alilelewa Mlangali kwa wajomba zake tangu utotoni, akarudi mkubwa, mkakutana kwenye kwaya mkaanza kutazamana juu ya vitabu vya nyimbo. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma. Nilikuona. Hilo ndilo kosa langu la pili, kubwa kuliko la chungu. Ningekuambia Jumapili ileile, huyo ni mtoto wa Lameki, usimwimbie hivyo. Lakini ulikuwa unacheka, na wewe hucheki ovyo, nikasema acha kidogo. Nikaacha kidogo na Jumapili iliyofuata, na iliyofuata.

Unaweza kuniuliza kwa nini sikukuambia habari za babu yako siku zote hizi. Nitakuambia. Ni kwa sababu ya siku ile serikali ilipokuja kutuhesabu.

Ulikuwa shule wewe. Karani alikuja na ubao wa kuandikia na mpagazi wa kumbebea karatasi. Wazungu wa mashamba walikuwa na karatasi zao, Wahindi wa madukani Makambako karatasi zao, sisi wenyeji zetu. Tulikuwa tumekwisha kusikia kwamba kwa Salimu muuza nguo, ambaye baba yake Mwarabu na mama yake Mhehe wa Iringa, karani alikwama. Alimwandika Mwarabu, Salimu akafurahi. Akatoka mama yake jikoni, mweusi kama mimi, akamsalimia karani kwa Kihehe, "Kamwene", karani akafuta. Sijui mwisho walimweka wapi. Kwetu hapa alidhani kazi itakuwa nyepesi.

Alianza na baba yako. Kabila? Mbena. Akanigeukia. Nikamwambia Mkinga, Mkinga wa Ipelele, uandike vizuri. Akasema ya Ipelele haina mahali pake. Nikamwuliza watoto je? Akasema, "Wabena, mama, kama baba yao." Nikamwambia nimewabeba mimi, nimewazaa mimi, nimewanyonyesha mimi, halafu kwenye karatasi yenu mimi nimepita tu njiani. Alicheka, nami nikacheka, maana nilikuwa namtania, lakini haikuwa mzaha wote.

Babu yako alikuwa amekaa juani kwenye ngozi yake. Karani akachuchumaa mbele yake kwa adabu. "Mzee, kabila lako?"

Mzee akamjibu, "Sili maini."

"Nimekuuliza kabila, mzee. Sikukuuliza chakula."

"Nimekusikia. Sili maini."

Karani akatutazama sisi kama anayeomba msaada. Akauliza tena kwa sauti ya juu, akidhani mzee ni kiziwi. Babu yako akashika ubao wa karani kwa mkono wake, taratibu, akasema, "Kijana, unataka kujua mimi ni nani, nami nimekuambia. Sasa unataka kujua nilizaliwa wapi? Hilo hata mimi nalitaka. Ukilipata huko kwenye karatasi zako, rudi uniambie." Baba yako akawahi kusema, "Mbena, karani, andika Mbena." Ikaandikwa. Nilimtazama baba yako nikaona jasho kwenye paji la uso, asubuhi ya baridi ile. Ndipo nilipojua kwamba naye anajua, na kwamba anaogopa. Hatujawahi kulizungumza jambo hilo, mimi na yeye, mpaka leo hii.

Anaogopa nini? Mashamba yetu haya ni ya ukoo. Ukiondoa mzilo, sisi tumekaa hapa kama nani? Ukisema babu si Mbena, hutampata kuwa Msangu wa kule tambarare wala mtu wa mahali pengine popote, maana mwenyewe hakujua. Atakuwa mtu wa kuokotwa, na wewe mjukuu wa mtu wa kuokotwa, na dada zako walioolewa watasikia maneno kwenye visima vya watu. Nilikuwa nimeona watu wakinitania mimi Ukinga wangu miaka yote, kwa mapenzi, na bado kuna siku uliniuma. Nikaona wewe usiumwe. Nikafunga mdomo, na kwa mtu mwenye mdomo kama wangu, mwanangu, hiyo ilikuwa kazi.

Jana niliufungua. Ulipokuwa unapanga sanduku nilikuaga kwamba nakwenda kuomba chumvi. Nilikwenda kwa Lameki.

Nilimkuta anasuka tenga. Kulikuwa na wageni ndani, wajomba za Damari kutoka Mlangali, kwa hiyo tukakaa nje. Nikamsalimia, Kamwene shemeji, akaitikia. Sikuzunguka. Nikamwambia, "Shemeji, unamnyima mwanangu mke kwa sababu ya damu. Damu haipo. Baba mkwe wangu alikuwa mateka. Aliniambia mwenyewe." Nikasubiri ainuke, apige kelele.

Hakuinua hata macho. "Shemeji," akasema, "ulidhani sisi hatujui?"

Akaendelea kusuka. Akasema, "Wote wa umri wangu tunajua. Hatusemi, kwa sababu aliyemleta ndani alisema huyu ni mwanangu. Babu yangu hakusema huyu ni kama mwanangu. Sasa leo mimi nimwoze mwanao binti yangu, nitakuwa nimesema mzee alidanganya."

Hapo hasira zikanipanda, na nilikuwa na neno nililolihifadhi tangu zamani. Siku nyingine babu yako aliuambia ukuta habari za njaa iliyofuata vita vya Mjerumani. Ng'ombe mmoja alikufa, nyama ikagombaniwa, kwenye mkeka wao yakafika maini tu. Babu yako alitafuna ngozi. Ndugu yake, baba yake Lameki, mzaliwa halisi, aliyala maini gizani. Nilikuwa nimeapa kulificha. Nikalitupa jana usoni kwa Lameki: "Na baba yako aliyala! Mtoto wa damu aliyala, mateka akakataa! Nani Mbena hapo?"

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Nilitaka kulirudisha neno lile kabla halijafika.

Lameki aliweka tenga chini. Akasema polepole, "Aliniambia siku anakufa. Alisema, mwanangu, kati yetu wawili kama kuna mtu wa ukoo huu ni yule, si mimi, na nyinyi msije mkamfukuza. Ndiyo maana nakataa, shemeji. Unataka niwe mimi wa kumfukuza? Wanasema mkataa kwao ni mtumwa. Yule alikataa kuwa mtumwa kwa kutokataa kwetu. Leo mjukuu wake aje akatae?"

Nikamwuliza hakuna njia kabisa? Akasema ipo moja. Ezekia aje mbele ya wazee, ale maini, aseme mimi si wa hawa. Akishasema atapewa Damari, hakuna atakayezuia. "Lakini uniambie wewe mwenyewe," akasema, "babu yake aliyelala pale kwenye makaburi yetu, siku hiyo atakuwa amelala pale kama nani?"

Nilirudi nyumbani bila chumvi, na wewe hukugundua.

Kwa hiyo ndugu yangu, baba yangu, mwanangu, usimchukie Lameki. Mimi nilikuwa namchukia kwa raha kabisa na sasa hata hilo nimenyang'anywa. Usiku kucha nimekuwa nikigeuka. Nikilala upande huu nasema aje ale, maini ni nyama tu, ujana haurudi, na mtu anayecheka mara chache akipata wa kumchekesha asimwache. Nikilala upande wa pili namsikia mzee anasema na ukuta. Mimi sina mzilo wa kukupa, mwanamke haurithishi. Labda ndiyo maana naona pande zote mbili na sioni pa kukaa.

Na huko Tanga watakuuliza kabila kabla hawajakuuliza jina. Waliokwenda wanasema hata kambi za kulala zimegawanywa, Wabena huku, Wamakonde kule, Wanyamwezi kule. Nawe unakwenda kuwa karani huko kwenye mkonge, utakuwa na kalamu mkononi, wewe ndiye utakayewauliza wenzako. Nakuomba jambo moja tu. Akija mzee akakujibu jambo ambalo hukumwuliza, usipandishe sauti.

Baba yako ameingia sasa hivi kutoka kubandua magome ya miwati. Ameniona na karatasi. Nimemwambia yote, mpaka ya jana kwa Lameki. Kisha akasema, "Umekwenda kumuuza baba yangu," akachukua koti akatoka. Najua amekwenda makaburini. Nimemwacha. Miaka yote hii ndiyo mara ya kwanza amesema kwa kinywa chake kwamba kulikuwa na kitu cha kuuza.

*

Ezekia, niliacha kuandika, na sasa jua linashuka na lazima nifanye haraka.

Damari amekuja.

Nilisikia hodi nikadhani ni baba yako. Nikafungua, nikamwona amesimama na kitenge tu mabegani, hana viatu, hana mzigo. Nikamwambia ingia, akasema hapana mama, nisikilize kwanza, kisha utaamua kama niingie. Akaniambia hivi, naandika kama alivyosema.

Jana baada ya mimi kuondoka aliketi na baba yake akamwuliza tulikuwa tunagombania nini, na Lameki akamweleza yote. Usiku mzima naye hakulala. Leo mchana wakachinja mbuzi kwa ajili ya wajomba zake. Wajomba hawana mzilo wa maini, kwa hiyo wakakaangiwa, yakaletwa kwenye sahani mbele ya watu wote waliokuwa uani, wazee wa ukoo wakiwemo. Damari ndiye aliyeyaleta. Akapiga magoti kuwanawisha mikono. Kisha akachukua pande akalitia kinywani.

"Nililitafuna mama," aliniambia. "Lilikuwa gumu kumeza. Nikachukua lingine ili wasiseme nilikosea."

Nilimwuliza kwa nini, mtoto wewe, kwa nini? Alikuwa analia na pia amekasirika, kama wewe unavyokuwa. Akasema, "Wote wanasema mmoja wetu atoke ukooni ndipo tuoane. Wote wanasema atoke Ezekia. Kwa nini atoke yeye? Babu yake alikaa na njaa ili abaki. Mimi sikufanya kitu, nilizaliwa tu humo ndani. Basi nimetoka mimi."

Shangazi yake alipiga yowe. Mjomba mmoja akamwaga sahani. Na Lameki? Nilimwuliza, maana nilimwogopea. Akasema baba yake alinawa mikono ingawa alikuwa hajala, kisha akasema, "Nenda basi, kabla sijabadili nia." Akaingia ndani akafunga mlango. Ndivyo alivyotoka, kama alivyo.

Sijui wazee watasemaje. Watakaa, watabishana, watakunywa ulanzi, wengine watasema mwanamke hawezi kujitoa, wengine watasema amekwisha kujitoa na macho yao yameona. Mchungaji naye atataka yake. Hayo sitakudanganya kwamba yamekwisha. Ninachojua ni kwamba leo jioni kuna mtu mmoja hapa Ubena ambaye akiulizwa yeye ni nani hana la kujibu, na amefanya hivyo ili wewe na babu yako muwe nalo.

Tukiwa bado mlangoni baba yako alirudi. Alimtazama Damari, akanitazama mimi. Nikamwambia kwa maneno machache. Sijawahi kumwona baba yako akilia, na sitasema kwamba alilia, kulikuwa na upepo. Alivua koti lake akamvika, akasema, "Mwanangu, karibu kwenu." Nikataka kumlaza hapa, lakini amekataa. Anasema basi lako ni la alfajiri na hataki ulisikie jambo hili ukiwa Tanga, kwa mdomo wa mtu mwingine. Nimemwambia nitamtuma mtu. Anasema atakuja mwenyewe, na baba yako atamsindikiza mpaka mlangoni kwa shangazi yako, giza lisimkute njiani peke yake.

Sikuchagulii, Ezekia. Kesho basi litapita. Unaweza kupanda ukafanye kazi yako, ukarudi kumwoa kanisani mbele ya watu, sisi tutakaa naye hapa. Unaweza kuliacha lipite. Au moyo wako umekwisha kuondoka kwa hasira na haumtaki tena, hilo pia hutokea, na kama ni hivyo mwambie leo hii, kwa mdomo wako, usimfanye asubiri. Usimchukue tu humo ndani ya basi kama mzigo. Amepoteza kwao mara moja, asipoteze na heshima.

Najua unasoma umesimama, na barua hii umeipokea mkononi mwake, na bado yuko mbele yako na koti la baba yako limemfika magotini. Mwanangu, usisome tena. Mkaribishe ndani akae karibu na moto, mwambie shangazi yako asonge ugali. Tangu mchana hajala kitu kingine chochote.

Mama yako